Kuotesha pingili za mtini ndani ya nyumba, Lubumbashi: nianzie wapi?

Yaya_wa_Katuba (Lubumbashi)

Habari za jioni wote. Naomba wenye ujuzi wanisaidie mapema, kabla sijagusa kitu.

Kuna parseli (kiwanja) moja ya zamani mjini ambako wanaanza kujenga ghorofa. Uani kuna mtini mkubwa, ule wa kuzaa tini za kula, si mkuyu. Mwenye kazi ameniruhusu nikate matawi ninayotaka kabla hawajaung'oa. Tini zake zina ganda la kahawia linaloelekea zambarau, ndani nyekundu, tamu kabisa. Hapa mjini si tunda unaloenda kulinunua soko la mtaa wetu wa Kenya ukarudi nalo. Matawi nimeyakata, yamefungwa kwenye mfuko wa plastiki, yako chini kabisa ndani ya frigo.

Tuko Julai. Usiku baridi inauma, nje vumbi tupu, na mvua hatutaiona hadi karibu Novemba. Tena kuku wa parseli ya jirani wanaparua kila kinachochomekwa ardhini. Kwa hiyo nataka kuotesha ndani ya nyumba. Muhogo nimepanda tangu utoto, viazi vitamu pia, lakini kuotesha mti ndani ya gobele (kikombe cha plastiki) ni mara yangu ya kwanza. Udongo gani? Maji kiasi gani? Jua au kivuli? Na ile dawa ya unga ya kuchochea mizizi ni lazima? Mti huu ukishang'olewa hakuna mwingine wa kurudia, ndiyo maana nauliza kwanza.

Mlimaji_Kafubu (Lubumbashi)

Mama, chomeka ardhini kama muhogo, zungushia miiba kuku wasifike, mwagilia asubuhi na jioni. Mti unaotaka kuota utaota.

Fundi_wa_Miche (Lubumbashi, Ruashi)

Yaya, umefanya vema kuuliza kabla. Papa Mlimaji, kwa heshima zote, katika jambo hili mtini haufuati njia ya muhogo. Pingili ya muhogo imejaa wanga, na ardhi ikiwa na joto inatoa mizizi ndani ya siku chache. Ya mtini inaweza kukaa wiki 3, hata 4, bila mzizi mmoja. Muda wote huo haina cha kunywea. Maji unayoimwagia asubuhi na jioni hayaingii popote, yanaziba tu nafasi za hewa kwenye udongo, gome linalowa, na chini panaoza. Watu huniletea pingili zilizokufa niwaambie zimekufa kwa nini. Nyingi mno ni nyeusi chini, laini ukizibonyeza, na zinanuka. Iliyokufa kwa kiu ni nadra kuiona.

Shika hilo, maana mengine yote nitakayosema yanatoka hapo: pingili ya mtini inataka joto, hewa na unyevu mdogo. Maji mengi ndiyo adui yake wa kwanza.

Sasa twende kazini. Chagua sehemu za tawi zilizokomaa, rangi ya kijivu au kahawia, unene kati ya kalamu na kidole gumba. Ncha za kijani zilizo laini achana nazo, zinaoza upesi. Kata vipande vya sentimita 15 hadi 20, kila kimoja kiwe na macho 3 au 4. Chini kata moja kwa moja, karibu kabisa chini ya jicho, kwa kuwa hapo ndipo mizizi inapopenda kutokea. Juu kata mshazari, ukiacha kama sentimita 1 au 2 juu ya jicho la mwisho. Hivyo hata vipande vikichanganyika mezani utajua kichwa ni kipi na mguu ni upi.

Utomvu mweupe utakaotoka si wa kuchezea. Una kemikali ambazo zikikaa kwenye ngozi na jua likazipiga, ngozi inaungua hadi kutoa malengelenge. Vaa glavu, fanya kazi hiyo ndani, nawa kwa sabuni kabla ya kutoka nje, na watoto wasishike. Acha mikato ikauke hadi utomvu ukome.

Kisha osha. Pingili za mti wa uani zina vumbi, kuvu na mayai ya wadudu ambayo macho hayayaoni. Sugua taratibu kwa mswaki laini na maji ya sabuni. Halafu zitie dakika chache kwenye maji ya Javel (dawa ya kung'arisha nguo), kipimo 1 cha Javel ya kawaida ya dukani kwa vipimo 9 vya maji, suuza vizuri, anika kivulini hadi gome likauke. Hatua hii watu wanairuka wakidhani ni madoido. Ndani ya mfuko wenye joto na unyevu, kuvu inaota haraka kuliko mzizi, kwa hiyo usiipe nafasi ya kuanza.

Mimi nagawa kazi sehemu mbili. Ya kwanza ni kufunga. Chukua gazeti au karatasi ya jikoni, lowesha, kamua kwa nguvu zako zote hadi tone la mwisho litoke. Zungushia pingili sehemu ya chini na katikati, kichwa kibaki nje, tia ndani ya sacheti safi (mfuko mdogo wa plastiki), funga. Weka mahali penye nyuzi 22 hadi 27 za Selsiasi. Mwanga hauhitajiki wakati huu. Kila baada ya siku 2 au 3 fungua, hewa iingie, kagua moja moja, ukiona karatasi imechafuka badilisha.

Joto ndilo tatizo letu la Julai, kwa sababu tuko juu, karibu mita 1,200, na usiku vyumba vinapoa sana. Juu ya frigo kwa nyuma pana vuguvugu, lakini kuranti (umeme) ikikatika usiku kucha, joto linaondoka nayo. Njia ninayoiamini ni glasiere, lile sanduku la kubebea vinywaji baridi. Tia sacheti zako ndani pamoja na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa, funga mfuniko. Badilisha maji jioni kabla ya kulala na asubuhi. Sanduku linalozuia joto kuingia linazuia pia joto kutoka. Chupa isiguse pingili, na ukitia mkono ndani usikie uvuguvugu tu. Ikizidi nyuzi 30 unalisha kuvu.

Sehemu ya pili ni gobele, nitaieleza ukifika. Dawa ya mizizi si lazima. Kuna miti isiyotoa mizizi bila dawa, mtini haumo kwenye kundi hilo. Pesa yake nunua gobele zinazoonyesha ndani.

Changarawe_Nyeusi (Goma)

Fundi ameeleza vizuri. Naongeza upande wa udongo, maana sisi Goma tunakanyaga kila siku kitu ambacho wapanda maua wa Ulaya wananunua kwa kilo. Changarawe ya volkano. Lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji tarehe 17 Januari 2002, na tarehe 22 Mei 2021 ikafika tena pembezoni. Mawe hayo yametubomolea nyumba na yametujengea nyumba. Lakini kwa miche si kila jiwe jeusi linafaa. Lile zito la kujengea ukuta halifai. Tafuta changarawe nyepesi yenye vitundu vingi, ponda, chekecha ubaki na punje za ukubwa wa mahindi na ndogo zaidi, osha hadi maji yatoke safi. Vitundu vinashika maji kidogo, kati ya punje na punje hewa inapita. Pingili ndani ya changarawe hiyo ni vigumu kuizamisha hata kama mkono wako ni mwepesi kumwaga.

Lubumbashi hamna hii, najua. Fundi atuambie nyinyi mnatumia nini.

Fundi_wa_Miche (Lubumbashi, Ruashi)

Tofali. Matofali ya kuchoma yaliyovunjika yako kila kona ya mji huu, bure. Ponda, chekecha, tupa unga wote, baki na punje. Tofali iliyochomwa vizuri ina vitundu vidogo pia, inafanya kazi karibu na hiyo changarawe yenu. Mchanganyiko wangu: punje za tofali au mchanga mkubwa wa mtoni uliooshwa, vipimo 2; makala (makaa) yaliyopondwa na kuchekechwa, kipimo 1; mboji iliyooza kabisa, isiyo na harufu wala joto, kipimo 1. Wenye mkono mzito wa kumwagilia waache mboji kabisa hadi mizizi itokee.

Udongo mwekundu wa uani usiutie kwenye gobele. Ukilowa unashikana, hewa haipiti.

Tena kuna jambo la mji wetu wenyewe. Upande ambao upepo ulibeba moshi wa tanuru la shaba miaka na miaka, kama Penga-Penga, udongo wa juu una shaba, risasi na kadimiamu. Shaba ikizidi inadumaza mizizi michanga. Mnajua wenyewe kule porini kwenye vilima vya shaba miti haioti, unakuta nyasi na maua machache yaliyozoea. Kwa hiyo mchanga wa kuoteshea uwe wa mtoni, mbali na mabaki ya viwanda, na uoshwe.

Mama_Ziwa (Bukavu)

Mimi nina neno tofauti kidogo, Fundi anisamehe. Kufunga kwenye karatasi kunafaa kwenu ambako miezi hii hewa ni kavu. Hapa Bukavu kiangazi ni kifupi, Juni hadi Agosti hivi, miezi mingine yote mvua. Hewa yenyewe imelowa kutoka ziwani. Pingili zilizofungwa ndani ya sacheti kwetu zinavaa kuvu kabla hujamaliza wiki. Sisi tunaenda moja kwa moja kwenye gobele, mchanganyiko ukiwa na unyevu wa kuhisi kwa vidole tu, bila kufunika kichwa. Polepole zaidi, lakini zinazofika zinakuwa imara.

Yaya, kama nyumba yako ina chumba chenye unyevu, karibu na bafu kwa mfano, sikiliza ushauri wangu. Kama ni kavu hadi midomo inapasuka, fuata wa Fundi.

Yaya_wa_Katuba (Lubumbashi)

Asanteni sana, mama na mababa. Midomo inapasuka kweli, nitafuata karatasi. Swali la haraka: glasiere nitaazima, lakini usiku wa baridi kali tunaingiza mbabula (jiko la makaa) ndani kupasha chumba. Naweza kuweka sacheti karibu na mbabula?

Fundi_wa_Miche (Lubumbashi, Ruashi)

Hapana, yaya wangu. Acha kwanza pingili, nakuombea nyinyi wenyewe. Mbabula yenye makala ndani ya chumba kilichofungwa inatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na kila msimu wa baridi tunasikia familia zilizolala zisiamke. Mbabula ipashiwe nje, ichemshe maji ya chupa, chupa ndiyo iingie ndani. Joto linatosha kwa mimea, na kwa watu kuna mablanketi.

Kijana_wa_Bel_Air (Lubumbashi)

Samahani kuingilia. Mimi sina mti wa kukata, ila supamaketi wanauza tini kavu za Uturuki. Ndani zimejaa mbegu. Nikizipanda si nitapata mti uleule?

Tini_na_Zabibu (Dodoma)

Mkuu, mbegu nyingine zitaota, ila matunda usiyategemee. Ngoja nieleze maana hapa wengi wanapoteza miaka.

Tini kavu nyingi za Uturuki ni za aina iliyopewa jina la Smyrna, mji ambao leo ni İzmir. Aina hiyo haiwezi kuivisha tunda bila nyigu mdogo sana anayeingia ndani ya tini akiwa amebeba chavua kutoka mtini dume. Wamarekani walijifunza hilo kwa hasara. Walipanda mitini ya Smyrna California, ikastawi vizuri, lakini matunda yakawa yanadondoka machanga mwaka baada ya mwaka, hadi walipofanikiwa kumleta nyigu huyo mwaka 1899. Sasa ukipanda mbegu zake, karibu nusu ya miche inakuwa mitini dume isiyolika, na iliyo jike inaweza kurithi tabia ileile ya kudai nyigu. Utaumwagilia mti, utaukatia matawi, kisha utaona tini zikikauka na kuanguka.

Mti wa dada wa Katuba ni habari nyingine. Umezaa na kuivisha uani Lubumbashi, ambako hakuna anayefuga mitini dume wala nyigu wake. Maana yake ni aina inayojizalia yenyewe. Tabia hiyo inapita nzima kwenye pingili, kwa sababu pingili ni mti uleule ukiendelea. Hiyo ndiyo hazina yake.

Nyongeza kwa wapenda historia: bonde la Yordani, mahali panapoitwa Gilgal, watafiti walikuta tini zilizoungua zenye umri wa karibu miaka 11,400. Mwaka 2006 wakaandika kwamba ni za aina isiyo na mbegu hai, kwa hiyo lazima watu walizipanda kwa kukata matawi. Wapo wataalamu waliowapinga. Lakini kama wana haki, binadamu alikuwa anachomeka pingili za mtini kabla hata ngano haijawa zao la shambani.

Mlimaji_Kafubu (Lubumbashi)

Nimesoma yote. Lakini mbona mivumu ya Rwanda na mituba ya Uganda, ile ya kutengenezea vitambaa vya magome, wanachomeka gogo tu ardhini na linaota? Nayo si jamaa ya mtini?

Fundi_wa_Miche (Lubumbashi, Ruashi)

Ni jamaa kweli, papa, na swali lako ni zuri. Wanachomeka gogo nene, wakati wa mvua, katika nchi ambayo usiku haushuki kama wetu. Gogo nene lina akiba ya kungoja miezi. Yaya ana vijiti, katikati ya kiangazi. Angekuwa na tawi la unene wa mkono mwezi Novemba ningemwambia afanye kama unavyosema.

Yaya_wa_Katuba (Lubumbashi)

Narudi na habari. Kwenye pingili kadhaa kumetokea vitu vyeupe. Baadhi viko karibu na macho, vingine katikati ya gome, vidogo vimetuna. Lakini kwenye pingili nyingine mbili kuna weupe unaoelekea kijivu kwenye mkato wa juu. Yote ni mizizi au nishtuke?

Mama_Ziwa (Bukavu)

Tumia kidole gumba. Pangusa taratibu. Weupe ukitoka kama vumbi na kuacha gome wazi, ni kuvu. Vinavyobaki vigumu chini ya kidole ni vichwa vya mizizi, usivikwaruze tena. Vijiti vyenye kuvu vitenge leo hii: pangusa kwa kitambaa chenye maji ya Javel, kata mkato upya kama chini yake pamelainika, acha vikauke hewani nusu siku, halafu karatasi mpya. Usivirudishe sacheti moja na vyenye afya.

Fundi_wa_Miche (Lubumbashi, Ruashi)

Hongera sana yaya! Hivyo vilivyotuna katikati ya gome vinatoka kwenye vidoa vya kupumulia, ni dalili njema kabisa. Sasa gobele, na usingoje mizizi irefuke. Mzizi mweupe wa sentimita 2 unavunjika ukiugusa tu, afadhali uhame ukiwa bado ni kichwa.

Toboa gobele inayoonyesha ndani, chini matundu 5 au 6, na mengine machache pembeni. Mchanganyiko ulowe halafu uukamue mkononi: ukitoa matone mengi umezidi, ongeza mkavu. Tia tabaka chini, simamisha pingili, jaza taratibu huku ukigonga gobele mezani. Usishindilie kwa vidole. Macho ya chini yafunikwe, moja au mawili yabaki juu. Gobele hiyo itie ndani ya nyingine isiyopitisha mwanga, kwa sababu mizizi haipendi mwanga na ukuta wenye mwanga unaota ukijani. Ukitaka kuchungulia, unaivuta tu.

Juu funika kwa nusu ya chupa ya maji ya lita 1.5 iliyokatwa, kizibo kikiwa juu. Kizibo ndicho dirisha lako.

Kumwagilia: chungulia ukuta wa gobele. Ukiona vitone vya maji vimejishika kwa ndani, usimwagilie. Vikitoweka na gobele ikawa nyepesi mkononi, mwagilia kijiko kimoja au viwili pembeni, si kwenye shina. Kuna wiki ambazo hutamwagilia kabisa na hakuna ubaya.

Nataka nikuandae kwa jambo moja linalowachanganya wengi. Jani litatoka. Utafurahi, utapiga picha. Jani hilo halisemi kwamba kuna mizizi. Linaweza kutoka kwenye akiba ya kijiti peke yake, na kijiti kikaendelea kutoa majani mawili, matatu, huku chini hamna kitu. Akiba ikiisha yanalegea. Hapo mwenye mche anaona jani limelegea, anadhani ni kiu, anamwaga maji, na hapo ndipo anauua. Jani likilegea, chungulia kwanza. Kama hakuna mzizi na udongo una unyevu, rudisha kifuniko, ongeza joto, punguza mwanga. Ukiona majani mawili makubwa na mizizi hamna, kata moja, mzigo upungue. Hesabu kwa mizizi, majani yaache yafurahishe macho.

Kijana_wa_Bel_Air (Lubumbashi)

Na mbolea? Nina ile nyeupe ya punje iliyobaki shambani kwa mjomba.

Fundi_wa_Miche (Lubumbashi, Ruashi)

Usitie. Mzizi mchanga unaungua kwa chumvi ya mbolea. Ngoja gobele ijae mizizi iliyoanza kugeuka rangi ya kahawia na mche uhamie kwenye mfuko wa lita 3 au 4, ndipo utie mboji kidogo.

Yaya_wa_Katuba (Lubumbashi)

Tuko Oktoba, joto limeanza kweli, jakaranda zimemwaga maua barabarani. Gobele zangu nyingi zina mizizi imezunguka ukuta wote, mingine imetoka kwenye matundu. Mbili zilioza, nyingine moja bado ni kijiti cha kijani kisicho na uamuzi. Majani ya mche mmoja yana mabaka ya njano yasiyo na mpangilio, mengine yamepinda. Mingine yote ni safi. Niogope? Na lini nitoe nje?

Tini_na_Zabibu (Dodoma)

Dada, mabaka ya njano yasiyo na mpangilio huenda ni virusi vya mozaiki ya mtini. Vinakuja na pingili kutoka mti mama, pia vinasambazwa na utitiri mdogo. Dawa yake hakuna. Mitini mingi duniani inavyo na inazaa hivyo hivyo. Lakini kwa kuwa una mingine safi, ule tenga, na pingili za kugawia watu kata kwenye iliyo safi. Mkasi ufute kwa Javel kabla ya kuhamia mti mwingine.

Fundi_wa_Miche (Lubumbashi, Ruashi)

Kutoa nje ni kwa hatua. Kwanza fungua kizibo cha chupa siku kadhaa, halafu inua chupa saa chache mchana, halafu iondoe kabisa. Mche uliokua chini ya kifuniko una jani laini mno, jua la Oktoba la mji huu litalikausha mchana mmoja. Peleka kwenye mifuko mikubwa, weka chini ya mwembe au ukuta wa mashariki unaopata jua la asubuhi pekee, kisha ongeza kidogo kidogo. Ardhini panda mvua zikishashika, Novemba kuelekea Desemba, ukitaka usihangaike na ndoo za maji. Kijiti kisicho na uamuzi usikitupe. Maadamu ukikwaruza gome kwa ukucha unakuta kijani, kinaishi.

Sasa shimo. Hapo ndipo narudi kwenye habari ya udongo usiofaa gobele. Udongo wa kichuguu, vile vichuguu virefu vinavyozunguka mji wetu, kwenye gobele ni sumu kwa sababu ni mfinyanzi mtupu. Lakini kwenye shimo, ukiuchanganya robo kwa robo tatu za udongo wa kawaida na mboji, unasaidia sana. Una kalsiamu kuliko udongo wetu mwekundu ambao ni mchachu, na mtini unapenda udongo usio mchachu. Hakikisha kichuguu kilishahamwa na mchwa, au udongo umekaa juani ukageuzwa.

Mama_Ziwa (Bukavu)

Na asipande pale alipokuwa analima nyanya au bilinganya. Minyoo midogo inayotia vinundu kwenye mizizi ya nyanya inapenda mtini kupita kiasi, hasa kwenye udongo wa mchanga. Mti unadumaa, unaona majani madogo, na huelewi kwa nini hadi uung'oe. Mvua zikizidi pia kagua chini ya majani. Ukiona unga wa rangi ya kutu, okota majani yote yaliyoanguka uyachome, yasikae chini ya mti.

Yaya_wa_Katuba (Lubumbashi)

Nimeandika yote kwenye daftari. La mwisho: parseli yangu ni ndogo. Naweza kupanda karibu na ukuta wa nyumba, ule upande unaopata jua la mchana? Shimo la choo liko mita 3 kutoka hapo.

Fundi_wa_Miche (Lubumbashi, Ruashi)

Hapana, mita 3 ni karibu mno. Mizizi ya mtini inafuata maji hadi inayapata, itaingia kwenye shimo la choo na chini ya msingi. Panda mita 5 au 6 kutoka choo na kutoka ukutani. Kama parseli haina nafasi hiyo, mti mmoja uweke kwenye pipa la lita 100 lililotobolewa chini, uwe unaukatia matawi kila Julai. Mtini unakubali pipa na unazaa humo. Miche itakayobaki, kama hutajali, nahifadhia mmoja kule Ruashi, nitakulipa mfuko na mboji.

Yaya_wa_Katuba (Lubumbashi)

Pipa basi, litakaa upande wa lango. Mche wako upo, chagua mwenyewe Jumamosi. Mama Ziwa na baba wa Goma, wa kwenu pingili nitawakatia Julai ijayo, nizikaushie mikato na kuzifunga vizuri, mnielekeze tu jinsi ya kuzifikisha na karatasi za ukaguzi wa mimea zinazotakiwa.